Kutoka Ba-Be-Bi-Bo-Bu

Wilayani Magu, mwishoni mwa miaka ya themanini, darasa la kwanza ulilisikia kabla hujaliona. Watoto sabini walipaza sauti pamoja: ba, be, bi, bo, bu, cha, che, chi, cho, chu. Nilipoajiriwa mwaka 1988 nikiwa na cheti cha ualimu cha Daraja la IIIA, ndivyo tulivyofundisha, na ndivyo nilivyofundishwa mimi mwenyewe mwaka 1975. Mwalimu aliandika safu ubaoni, akagonga silabi moja moja kwa fimbo, darasa zima likaitikia.

Njia hiyo ilikuwa na akili yake. Maandishi ya Kiswahili hayamhangaishi msomaji: ba ni ba popote utakapoikuta, mwanzoni mwa neno, katikati au mwishoni. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri, ambaye nyumbani kuna mkubwa wa kumsikiliza, alizishika silabi, akaziunganisha, akasoma. Mamilioni ya Watanzania wamesoma hivyo, na siwezi kuibeza njia iliyonifikisha hapa.

Nilimhurumia yule mtoto mwingine. Unamwita mbele, unaweka kidole kwenye bo. Ananyamaza, midomo inacheza, ananong'ona ba, be, bi, kisha anatoa bo kwa sauti kubwa. Macho yake yapo kwenye herufi lakini bo ameitoa kichwani: ameipita safu nzima mpaka akafika. Itoe bo kwenye safu yake, iandike ndani ya neno boga, hana pa kuanzia. Mtoto huyo huwezi kumtambua katika kuitikia kwa pamoja, maana wenzake wanambeba. Nimewaona waliofika darasa la nne wakiitikia vizuri, na ukiwapa sentensi moja wasome peke yao wanaangalia chini.

Kisha watoto wakaongezeka. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, wale waliokuwa wakichunga ng'ombe walikuja shuleni kwa wingi, na nilifurahi kuwaona. Lakini chumba kilikuwa kile kile. Mtaala wa mwaka 2005 nao ukaleta masomo mengi tangu darasa la kwanza, na muda wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja ukazidi kupungua.

Mwaka 2010 wapimaji wa mpango wa Uwezo, unaopima kusoma kwa watoto, walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi ya silabi, maneno, aya na hadithi fupi. Waliripoti kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, watatu hivi tu ndio walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Walimu wengi waliona wametukanwa. Mimi nilishika jambo moja tu: kila mtoto alisomeshwa peke yake, bila kwaya ya kumficha.

Mageuzi yakaja mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipojikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwenye semina tuliambiwa tuanze na sauti kabla ya herufi. Mtoto asikie kwanza kwamba mama, maji na moto yanaanza kwa sauti ileile, mmm, midomo imefumbwa, bila a wala e nyuma yake. Walimu wakongwe waling'aka: konsonanti itatamkwaje bila irabu? Kwa b ni kweli kuna kazi, lazima uikate upesi sana. Lakini m, s, f na l unaweza kuzivuta upendavyo, ndiyo maana ni nyepesi kuanzia.

Tulikata karatasi ndogo za herufi tukazigandisha ndani ya vizibo vya soda. Mtoto anasogeza kizibo cha b, anasogeza cha o, anavuta sauti mbili mpaka zishikane. Akiondoa o akaweka u, bu imepatikana bila kupitia safu. Herufi za Kiswahili ni 24. Silabi za zile safu zetu zilizidi mia. Mtoto asiye na kumbukumbu ya ajabu alipata mahali pa kushika, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote niliyoyaona katika kazi hii.

Imla nayo ikabadilika. Zamani yalitajwa maneno kumi, na kila kosa lilikuwa na fimbo yake. Sasa nasoma kosa ili nijue sikio la mtoto limesikia nini. Anayeandika buzi badala ya mbuzi hajaisikia m iliyojificha mbele ya b. Anayeandika gombe bado hajaitenganisha ng' na g, basi namrudishia ng'ombe na ngoma, atamke kwa zamu huku ameshika pua yake asikie inavyotetema. Kwa mwanafunzi, mapigo matatu ya makofi ndani ya neno mtoto na mawili ndani ya neno mbuzi hufafanua zaidi ya maelezo ya nusu saa. R na l ndizo zinazotuchelewesha huku Usukumani, kwa kuwa lugha ya nyumbani haizitenganishi. Kalamu inakuwa karamu, mahali inakuwa mahari. Hapo nawaonyesha ulimi unagusa wapi, wanatazamana vinywani, wanarudia, na mtoto hakemewi kwa lugha ya mama yake.

Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, darasa langu limevuka mia. Nawagawa makundi: wengine wanaandika mchangani nje, wengine wako na vizibo, na kundi moja linakuja mezani kwangu, kila mmoja asome mstari wake. Haitoshi. Mia moja ni wengi mno kwa mwalimu mmoja, hata awe na njia gani.

Siku hizi wengine wananijia wameshaimbishwa alfabeti ya Kiingereza chekechea. Wazazi wanajivunia, na nawaelewa. Lakini mtoto huyo akiona e anasema i, akiona i anasema ai, na neno meli linamshinda kwa sababu ya wimbo. Nawaomba wazazi waache kwanza majina ya herufi, wawaulize watoto wao jikoni: sufuria inaanza kwa sauti gani? Na sahani? Na kisu?