Saa ya Chombo Ibadilikapo

Sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria, tangu Muhuru na Karungu upande wa Migori mpaka Mbita na Homa Bay, twajua kwamba saa ya chombo kung'oa nanga si jambo dogo. Mkulima huchuma nyanya zake kwa kuifuata saa hiyo, mgonjwa huamshwa usiku kwa ajili yake, na mwenye kesi huhesabu siku zake kwayo. Kwa hiyo nataka kueleza machache juu ya saa hizo na jinsi zibadilikavyo.

Mabadiliko yenyewe si mageni. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, safari za ziwani zilianza kuunganishwa na garimoshi. Mwaka 1961 meli ya Victoria ilianza kazi, ikapunguza sana siku za kulizunguka ziwa. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli zikagawanywa: Uhuru ikabaki Kenya, Victoria na Umoja zikawa za Tanzania. Miaka ya 1990 gugumaji lilienea katika ghuba ya Winam, hata vyombo vikashindwa kufika gatini. Baharini nako ni vivyo hivyo. Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1956, na tena tangu 1967 hadi 1975, meli za kutoka Ulaya kuja Mombasa hazikuwa na budi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kila ratiba ikaandikwa upya.

Wala si haki kumlaumu nahodha akataaye kutoka wakati upepo wa alasiri umechafua ziwa. Meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, mamia ya watu walipoteza maisha yao. Heri kuchelewa na kufika kuliko kuwahi na kuzama.

Basi lawama yangu ni nini? Ni kimya. Mwaka jana, wakati wa masika, shangazi yangu alitoka Migori na magunia matatu ya dagaa, ambao sisi Waluo huwaita omena, apate kuwavusha ghuba na kuwauza ng'ambo. Fedha hizo zilikuwa karo ya mjukuu wake ya muhula wa pili. Alikuwa ameambiwa kwamba chombo hutoka asubuhi. Alipofika gatini alikuta karatasi imepigiliwa misumari mlangoni: safari imeahirishwa mpaka alasiri. Mvua ikanyesha saa sita mchana, wala hapakuwa na banda la kutosha. Alipovuka, wanunuzi walikuwa wamekwisha kwenda zao, na omena waliolowa wakauzwa kuwa chakula cha kuku. Mtoto alikaa nyumbani majuma mawili wenzake wakisoma.

Nilimwuliza kama amewakasirikia wenye chombo. Akanijibu, "Mwanangu, kwa upepo siwalaumu. Upepo ni wa Mungu. Lakini kinywa ni cha mtu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, kwa kuwa mimi ni karani wa serikali hapa Homa Bay, na kuandika matangazo ni sehemu ya kazi yangu ya kila juma. Nimeona kwamba sisi watu wa ofisini twadhani tangazo limekwisha kazi yake likisha kubandikwa ukutani. Sivyo. Tangazo lililobandikwa gatini humwambia msafiri jambo moja tu, kwamba amekwisha chelewa. Nauli amelipa, mzigo ameushusha, na nyumbani ni mbali. Tangazo lenye faida ni lile limkutalo mtu kabla hajafunga gunia lake.

Na jambo hili siku hizi si gumu. Simu zimeenea mpaka vijijini, na redio za Kiluo husikika katika mashamba na madukani. Chifu ana baraza, na makanisa yana watu kila Jumapili. Mwenye chombo akijua jioni kwamba saa ya kesho itabadilika, maneno machache ya Kiluo na Kiswahili yatatosha: chombo gani, kitatoka saa ngapi, na kwa sababu gani. Sababu isiachwe, kwa maana mtu aliyeelezwa sababu huwa na subira kuliko mtu aliyeachwa gizani.

Nasi wasafiri tuna wajibu wetu. Tuulize kabla ya kutoka, na mtu apataye habari amwambie jirani yake. Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Huumiza zaidi matumbo ya wale wasiojua wanangoja nini.