Safari ya Sacaton

Katika ukoo wetu wa Mombasa, mwanamke akishazaa mara mbili huanza kufanana na bibi yake kwa unene. Mimi sikungoja hata mtoto wa kwanza. Nimekunywa ndimu na maji ya uvuguvugu alfajiri, nimefanya mazoezi pale ufukweni Mama Ngina hadi magoti yakalia, nimekata wali miezi mizima huku nikiwapikia wengine biriani. Kilo zilikuwa zikiondoka, zikikaa nje kidogo, kisha zikirudi na jamaa zao. Kila penye arusi shangazi zangu hunibonyeza nyama ya mkono na kuniambia, "Mwanangu, uzuie mdomo." Mikono yao wenyewe haina tofauti na yangu.

Ndugu yangu mdogo ni muuguzi mjini Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Aliponitumia tiketi nikamtembelee, watu walinitisha kwa habari za maofisa wa uhamiaji. Mimi nilichoogopa ni mkanda wa kiti. Sikuwa nimepanda ndege maishani, ila nilikuwa nimeshasimuliwa. Na kweli, tulipoketi pale Nairobi, ncha mbili za mkanda zilikaribiana tumboni zikaacha mwanya wa vidole vinne. Nikavuta pumzi, nikaingiza tumbo ndani, mwanya ukabaki palepale. Mhudumu alipopita nikamnong'oneza. Akarejea na kipande cha kuungia mkanda, amekificha kiganjani, akanikabidhi chini ya blanketi bila jirani yangu kujua. Nilimwombea dua njia nzima.

Phoenix ilinipokea kwa joto la nyuzi 43, joto kavu linalomaliza jasho kabla halijatiririka. "Shikamoo dada," akasema ndugu yangu, akanibebea mizigo, wala hakutia neno juu ya mwili wangu. Hilo lilinipa moyo wa kumuuliza usiku ule, baada ya chai: kwa nini mimi?

Akanipa habari ya mapacha. Mwaka 1990 mtafiti Claude Bouchard na wenzake wa Quebec, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio lao: jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana walilishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao, siku sita kwa wiki, kwa muda wa siku 100. Ziada ilikuwa ni ileile kwa wote. Aliyenenepa kidogo kuliko wote aliongeza kilo 4 na kitu. Aliyezidi wote aliongeza zaidi ya 13. Lakini pacha alifanana na pacha wake kuliko alivyofanana na wengine.

"Sasa hapo, dada, ni mdomo wa nani haukuzuiwa?"

Nilitaka kuwapigia shangazi simu usiku uleule. Akanizuia. "Usifurahi haraka. Jumamosi nitakupeleka mahali ambapo habari hii ya jeni, ya maumbile ya kurithi, imewaponza watu."

Tukashika barabara kuu ya kusini. Baada ya mwendo tukavuka daraja lenye kibao cha Mto Gila. Nikachungulia chini: mchanga, vichaka, njia za magari zilizokauka. Maji hamna. Hapo ni ardhi ya Akimel O'odham, ambao wageni waliwazoea kwa jina la Pima, na Sacaton ndio mji wao mkuu. Watu hawa walikuwa wakulima hodari. Walichimba mifereji, wakalima mahindi, maharage na ngano, na wakati wa mbio za dhahabu za 1849 ndio waliowalisha wasafiri wa California waliopita hapo wakiwa taabani. Miongo michache baadaye walowezi wa upande wa juu wa mto wakayageuzia maji kwenye mashamba yao. Mto ukakatika, njaa ikaingia, na mahali pa mavuno pakaja posho ya serikali: unga mweupe, sukari, mafuta ya nguruwe.

Kando ya njia palikuwa na mama mmoja akiuza mkate wa kukaanga. Nikamuuliza kwanza unakaangwa kwa mafuta gani. Akanionyesha dumu la mafuta ya mboga. Alikata donge, akalitandaza kwa viganja hadi likawa pana kama sahani, akalitumbukiza. Likavimba, likageuka rangi. Juu yake akamimina maharage madogo ya hudhurungi, mbegu ya zamani inayostahimili ukame wa jangwa lile. Nikatafuna, nikacheka peke yangu. Lilikuwa hamri lisilotiwa iliki wala tui, na maharage yamekaa pahala pa mbaazi. Mti uliotupa kivuli ulikuwa wa jamii moja na mti wa mathenge uliowatesa watu wa Baringo kwetu Kenya. Hapa wazee walisaga maganda yake wakapata unga mtamu.

Tukila, ndugu yangu akaendelea. Mwaka 1962 mwanasayansi James Neel alitoa wazo kwamba kuna watu waliorithi mwili wa kuweka akiba, mwili uliowafaa babu zao wakati wa njaa. Kuanzia 1965 watafiti wa serikali ya Marekani walikuja hapa miaka nenda miaka rudi, wakipima uzito na damu, wakakuta kisukari cha aina ya pili kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeandikwa popote duniani. Pima wakawa mfano wa vitabuni: watu wenye jeni mbaya.

Lakini wanao ndugu zao upande wa Meksiko, katika milima ya Maycoba, waliobaki wakilima kwa mikono na kula mahindi na maharage. Utafiti wa 1994 uliwakuta wepesi kwa karibu kilo 26 kwa wastani kuliko hawa wa Arizona. Mwingine, wa 2006, ukakuta kisukari kwa asilimia 6.9 yao, dhidi ya 38 huku. Kiwango hicho cha Maycoba hakikuachana sana na cha majirani zao wasio Pima.

Hapo nikaelewa kilichomkera. Habari ya jeni ilikuwa imesimuliwa sana hadi ya mto ikasahaulika. Nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa mnene kama mimi, lakini alikwenda shamba kwa miguu, akala muhogo na samaki, akafa mzee bila kujua kisukari ni nini. Umbo lake nimelirithi. Maisha yake sikuyarithi: mimi hukaa dukani kutwa, nikarudi kwa tuktuk, na kila kona ninayopita kuna chipsi na soda.

Njiani kurudi tulipita mashamba mabichi. Mwaka 2004 Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudishia watu wa Gila sehemu kubwa ya haki yao ya maji, na mifereji inaendelea kujengwa.

Kabla sijaondoka, ndugu yangu alinipima presha na sukari kwenye meza ya jikoni. Vyote vilikuwa sawa. Akaniambia nivifuatilie hivyo viwili, nitembee kila siku, na mzani niupunguzie cheo. Nimekubali. Lakini sitaki tena mazungumzo yaishie kwenye sahani yangu. Akimel O'odham walidai maji kwa miongo mingi, wakayapata kwa sheria. Sisi wa Mombasa nasi tunayo ya kudai: njia za miguu ambazo mama mnene anaweza kutembea jioni bila kugongwa na bodaboda, na kunde na samaki visivyomshinda bei mtu anayemudu chipsi. Hayo nitayasema kwenye mkutano wa wadi, nikiwa na mwili wangu huuhuu.