MAGOMENI: HUKU MKUTANO HAUISHI MPAKA KAMATI IVUNJWE

Msomaji wangu, wiki hii panda mwendokasi pale Kivukoni, pita Fire, vuka Jangwani, shuka Magomeni Mapipa. Ukishuka tu utaona watu wamekaa vikundi vikundi: wengine barazani, wengine kwenye benchi la muuza kahawa, wengine wamesimama tu na mikono kiunoni. Usidhani hawana kazi. Wale bwana wako mkutanoni.

Magomeni ni mji wa mikutano tangu enzi. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili ashike siasa, alikuja kuishi huku huku, Mtaa wa Ifunda, na nyumba yake leo ni makumbusho. Wakazi wa Magomeni Kota nao, baada ya nyumba zao kuvunjwa, walikutana na kudai, wakakutana tena na kudai, miaka ikapita, mpaka Machi 2022 Rais Samia alipozindua maghorofa kwa ajili ya familia 644. Mtu wa Magomeni hakai kimya. Ukimwalika shughulini atakuja, atakula, halafu kesho yake atakwambia pilau ilikuwa na chumvi. Hilo lishike, maana ndiyo habari yenyewe ya wiki hii.

Miaka hii imeingia mikutano ya aina nyingine kabisa: ya watengeneza programu za kompyuta. Vijana wanavaa fulana zinazofanana, wananing'iniza vitambulisho shingoni kama waheshimiwa wabunge, wanakaa ukumbini siku mbili tatu wakionyeshana kazi zao. Mmoja anapanda jukwaani na laptopu yake, anaeleza alivyotengeneza programu fulani, wenzake wanamhoji. Usicheke. Ajira zinapatikana humo.

Na si mambo ya Ulaya tu. Mwezi Agosti 2018 jiji letu lilipokea mkutano wa dunia uitwao FOSS4G, wa wanaotengeneza na kutumia programu huria za ramani. Ulifanyika pale Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Kabla ya hapo mkutano huo ulikuwa umekanyaga Afrika mara moja tu, Cape Town, mwaka 2008. Kaulimbiu yake ilikuwa asiachwe mtu nyuma, na ukawekwa mfuko wa kuwasaidia nauli wasiojiweza.

Kwa nini Dar? Jibu liko hapa hapa bondeni. Desemba 2011 mvua ilishuka, Mto Msimbazi ukafura, na jijini wakafariki watu zaidi ya 40. Mwaka huo huo wananchi wa Tandale walikuwa wameanza kuchorwa ramani ya mtaa wao kwa ushirikiano na wataalamu. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani pamoja na watu wa mitaa wakachapa lapa vichochoroni, wakaandika mitaro, madaraja, nyumba, mpaka mahali maji yalipofika ukutani. Yote yakaingizwa OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisahihisha. Kwa hiyo mtengeneza programu hapa kwetu ni mtu anayeweza kumwambia mama yako maji yatapita wapi.

Sasa twende kwenye umbea. Kuna vijana wamepanga chumba na sebule nyuma ya kituo cha Usalama, wanashinda humo na laptopu zao, feni moja inawapepea wote. Majuzi walikuwa wametoka mkutano mmoja wa watengeneza programu. Jina la mkutano nimelifungia sandukuni, msiniulize. Nikawakuta barazani wanaukaanga.

"Anko, shikamoo," akaanza mmoja. "Kadi ilisema saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi kaingia saa nne kasoro. Halafu kila anayepanda anasema itifaki imezingatiwa, kisha anaanza kuizingatia upya!"

Mezani pa kuandikisha majina alikaa mtu mmoja na karatasi moja, foleni ikafika nje getini. Walipoingia ndani wakakuta ukumbi mzima una soketi nne za umeme. Watu wa kompyuta hao! Mwalika wavuvi halafu uwanyime maji.

Mchana likaja somo la vitendo. Mwalimu akasema kila mmoja ashushe programu yenye ukubwa wa jigabaiti 2. Watu 100 wakabonyeza kwa mpigo. Wewe piga hesabu, msomaji: hizo ni jigabaiti 200 zinapita bomba moja. Hata intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde ingehitaji zaidi ya saa nne kuzimaliza. Somo lilikuwa la dakika 45. Wakakaa wakitazama kile kiduara kinavyozunguka mpaka kengele ikalia. Dawa yake ni rahisi kuliko panado: waambie watu washushe nyumbani wiki moja kabla, na uweke flashi tano mezani kwa waliosahau.

Mwingine akadakia habari ya wadhamini. Mdhamini ametoa mshiko, lazima aseme, sawa. Lakini yule alipewa saa nzima akatangaza biashara, wakati kijana aliyetengeneza kitu chake kwa miezi sita kapewa dakika kumi, tena zikakatwa kwa sababu wamechelewa. Na maandishi kwenye pazia yalikuwa madogo kama ya dawa ya kikohozi. Waliokaa nyuma waliona mwanga tu.

Mashindano yenye zawadi nayo yakapangwa Ijumaa saa saba mchana. Magomeni nzima inajua Ijumaa saa saba watu wako wapi. Aliyekwenda kuswali alirudi akakuta zawadi zimekwisha.

Msosi ndio usiseme. Foleni mbili, ya wazungumzaji na ya wengine, na ya wengine ikaishia kwenye wali mtupu.

Kati yao alikuwepo dada mmoja wa Mzimuni, bondeni kabisa. Yeye hakucheka na wenzake. Alikuwa amelipa kiingilio kinachokaribia pango la mwezi la chumba chake. Alikwenda na swali moja tu: mtaro ukishachorwa kwenye ramani, halafu ukajaa taka na maji hayapiti tena, ni nani wa kuifuta ile alama? Maana kwenye simu mtaro unaonekana mzima, huku nyumba zinaingia maji.

"Mambo yote yalikuwa Kiingereza, anko," akaniambia. "Nasikia, ila kukisimamia mbele za watu mia tatu ni kazi. Nikanyoosha mkono. Kipaza sauti wakapewa wanaume watatu, hakuna aliyeuliza, wote walihutubia. Nikakaa. Jioni nikaondoka mapema, ningekosa mwendokasi ya kukaa." Hata fulana hakupata ya kumtosha. Zilikuwa za kiume zote, kubwa kama hema.

Nikawauliza, je, waandaaji wanayajua haya? Wakaangaliana. Wiki mbili baada ya mkutano waliletewa fomu kwa barua pepe: maswali 40, ya Kiingereza, jibu kuanzia 1 hadi 5. Kijana wa saa mbili asubuhi kajaza 4 kila mahali. Nikashangaa, mbona hapa unaunguruma? Akasema, "Anko, wametualika, wamehangaika. Nitawapaje 1? Mwakani si wataninyima nafasi?" Dada wa Mzimuni hakujaza kabisa. Katika maswali yote 40 hakuona pa kuliweka lake.

Umeona hapo? Waandaaji sasa hivi wako ofisini na wastani wa 4, wanapongezana. Ukweli wote umebaki barazani nyuma ya Usalama. Mgeni wa Kiswahili hatoi siri ya chumvi kwa mwenye sufuria. Ukimpa namba za kuchagua, atachagua adabu.

Hata wakubwa wa mambo haya yaliwahi kuwakuta. Mmarekani mmoja, Harrison Owen, alihangaika mwaka mzima kuandaa mkutano wa kimataifa uliofanyika mwaka 1983. Ulipokwisha watu wakamwambia ulikuwa mzuri, ila kilichowanogea zaidi ni mapumziko ya chai! Yaani kile kitu pekee ambacho hakukiandaa. Mzee mzima hakununa. Akakumbuka kijiji kimoja cha Liberia kiitwacho Balamah, alikoshuhudia sherehe ya siku nne ya vijana, watu mia kadhaa, na hakuona kamati ya maandalizi. Mwaka 1985 akabuni mkutano wa wazi: watu wanakaa duara, mwenye jambo anasimama analitaja na kulibandika ukutani, wanaolitaka wanamfuata. Sheria yake kubwa ni ya miguu miwili. Hujifunzi wala huchangii? Inuka, nenda kwingine, hakuna kununiana. Mikutano mingi ya watengeneza programu duniani sasa inatenga saa za namna hiyo.

Sisi sheria ya miguu miwili tunaijua zamani. Enzi Jahazi ya Mzee Yusuf ikitumbuiza pale Travertine, nani alimpa mtu fomu? Wimbo ukigusa, akina mama wanainuka, wanakwenda kutunza. Usipogusa, wanakaa na soda zao. Mwimbaji anapata maoni yake pale pale.

Kwa hiyo nikampelekea kesi mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye amekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi nyingi kuliko nywele zangu. Akanisikiliza huku anachambua mchele.

"Mwanangu," akasema, "hao kamati yao wameivunja lini?"

Nikasema sijui kama waliivunja.

"Basi hawajamaliza shughuli."

Msomaji uliye mbali na Pwani, nikueleze. Harusi ya kwetu ina kamati: mwenyekiti, katibu, mhazini. Watu wanatoa ahadi, wanachanga, kadi zinagawiwa, za mmoja na za wawili. Harusi ikipita, kuna kikao cha mwisho kinaitwa kuvunja kamati. Mhazini anasimama wa kwanza, anasoma mapato na matumizi mpaka shilingi ya kiberiti. Hapo watu wameshalainika, kwa sababu wameona hesabu haifichwi. Ndipo yanapotoka: ukumbi ulikuwa na joto, MC kapayuka, vyakula vimechelewa, wageni wa bibi harusi wamekaa nyuma.

Mama akaninong'oneza siri zake. Kwanza, asiyeulizwa ndiye mwenye habari: yeye humtafuta aliyeondoka mapema, maana aliyebaki mpaka mwisho alikuwa anafurahi. Pili, usimuulize mgeni angali na mfupa mkononi, wala usingoje mwezi uandame. Muulize kesho yake, kwa jirani, si kwa mwenye shughuli. Tatu, usimuulize kama amefurahi. Muulize kipi kibaki, kipi kiondoke, kipi kiongezwe. Nne, andika kwenye daftari ulikabidhi kamati inayofuata. Daftari lake nililiona kwa macho yangu. Ukurasa mmoja umeandikwa: "Huyu MC asipewe kipaza sauti watu hawajala."

Hilo la daftari hata watu wa FOSS4G wanalo. Mkutano wao unahama nchi kila mara, Boston mwaka 2017, Dar 2018, Bucharest 2019, na kamati zinazotangulia zimeacha kitabu cha mwongozo kwa zinazofuata. Wamefanya vizuri. Kamati mpya isijikwae kwenye jiwe la kamati ya zamani.

Nawaomba basi waandaaji wa mikutano hii, nyie wenye vitambulisho shingoni. Vunjeni kamati kwa maana ya Magomeni. Siku ya mwisho, nusu saa, milango wazi, Kiswahili ruksa, someni hesabu za kiingilio na za wadhamini, kisha nyamazeni. Wenye haya wapeni vikaratasi visivyo na jina. Yaliyosemwa yabandikeni hadharani, na mwakani anzeni kwa kutaja moja mliloambiwa na mlivyolirekebisha. Mtu akiona chumvi yake imepunguzwa, safari nyingine atakwambia na ya pilipili. Msipofanya hivyo mtabaki na wastani wenu wa 4 na viti vitupu, na mwenye swali la mtaro hatarudi kulipa pango la mwezi mzima ili anyooshe mkono bure. Mvua haingoji mkutano wa mwakani.

Vijana wa nyuma ya Usalama sasa wana mpango wa mkutano wao mdogo, Jumamosi moja, maandazi na chai, flashi mezani. Wamemwendea yule mama awe mwenyekiti wa kuvunja kamati. Kakubali kwa sharti moja: swali la kwanza la siku aulize dada wa Mzimuni, tena kwa Kiswahili, na asiwepo wa kuhutubia mpaka limejibiwa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Na wewe uliyesoma hadi hapa, chumvi imezidi au imepungua? Sema tu, usiniandikie 4.