Barua ya Dola Kumi

Barua ilikaa siku tatu ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya mtu kupita kuichukua. Ilikuwa bahasha ndogo nyeupe, ya kuchana pembeni, yenye anwani ya sanduku la posta la shule kwa sababu kijana mwenyewe hakuwa na sanduku. Mwalimu aliyekuwa amekwenda Biharamulo mjini kwa shughuli zake ndiye aliyerudi nayo Nyantakara juu ya bodaboda, ndani ya mfuko mmoja na boksi la chaki.

Ndani kulikuwa na karatasi moja yenye tarakimu sita. Mkewe aliipokea, akaigeuza, kisha akaichukua bahasha na kuikung'uta juu ya mkeka.

"Hela iko wapi, Baba Mapacha?"

Hela haikuwemo, na haikupaswa kuwemo. Google hutuma barua hiyo mwenye tovuti anapofikisha dola 10 za matangazo, ili ihakikishe kwamba anwani aliyoandika ni ya kweli. Mwenye tovuti huingiza zile tarakimu kwenye akaunti yake, kisha husubiri; malipo hutoka fedha zikifika dola 100. Kijana alilijua hilo tangu mwanzo. Alichomwambia mkewe ni kwamba "barua ya Wazungu inakuja", basi. Na mke, kwa imani hiyo, alikuwa amewaomba wanawake wenzake wa kikoba wamvumilie mpaka barua ifike.

Mkopo ulikuwa wa shilingi 450,000, uliotolewa Februari 2017 kwa hisa za mke na kwa jina la mke. Mume hakuwa mwanachama. Alikuwa na kibanda cha kuchaji simu kwa sola, shilingi 300 kila simu, na cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi. Kibanda kilileta chumvi na sabuni, hakikuleta zaidi. Fedha za kikoba zilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, ambayo aliifuata Kahama, zikalipia jina la tovuti kwa mwaka mmoja, na zilizobaki zikaenda kwenye bando. Elfu thelathini zilikwenda kwa mtu wa kundi la WhatsApp aliyekuwa akiuza kijitabu cha jinsi ya kupata pesa mtandaoni. Mtu huyo bila shaka alipata pesa mtandaoni.

Kila kijana aliyefungua blogu Tanzania miaka ile alikuwa na Issa Michuzi kichwani. Michuzi alianza Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa akiandika blogu kwa Kiswahili. Baadaye pembeni mwa picha zake pakajaa matangazo ya kampuni kubwa, na vijana wakaona matangazo. Walichokisahau ni kwamba mtu yule alikuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News, mwenye sura inayojulikana na picha ambazo wengine hawakuwa nazo. Wasomaji aliwachukua kutoka kwenye kazi yake, akahamia nao.

Kijana wa Nyantakara yeye alianza kwa kunakili. Usiku, bando likiwa rahisi na mapacha wamelala, alichukua habari za Dar es Salaam kutoka blogu nyingine na kuzibandika kwenye yake, picha na jina la mpiga picha vikiwa humo humo. Baada ya miezi minne takwimu zilimwonyesha wasomaji 11 kwa siku, na karibu nusu yao alikuwa ni yeye mwenyewe akikagua kama ukurasa umefunguka. Mitambo ya kutafuta habari haina sababu ya kumpeleka mtu kwenye nakala wakati chanzo kipo, na msomaji naye hana.

Tena palikuwa na suala la lugha. Wakati huo Kiswahili hakikuwa katika orodha ya lugha zilizokubaliwa na AdSense, mpango wa matangazo wa Google. Kijitabu cha elfu thelathini kilishauri makala za Kiingereza kuhusu kupunguza uzito. Akaandika kumi na tano, kwa Kiingereza cha kidato cha sita na kwa bidii kubwa, yeye aliyekuwa akiishi mahali ambapo mtu akinenepa majirani huja kuuliza siri. Makala zilikubaliwa. Hakuna aliyezisoma isipokuwa shemeji yake, kaka wa mke, aliyekuwa chuoni Mwanza, naye alizisoma ili acheke.

Neno lililogeuza mambo lilisemwa jikoni. Mke alikuwa akipika maandazi kwa ajili ya gulio, na mume amekaa kwenye ndoo akilalamika kwamba watu hawapendi kusoma. Mke alisema kwamba hata yeye, alipoanza, aliuza asubuhi pamoja na wanawake wengine wanne na kurudi na nusu ya sinia. Akahamia saa kumi jioni, watoto wanapotoka shule na njaa, na sinia likawa linarudi tupu.

"Sasa hao watu wako," akauliza bila kuinua macho kwenye karai, "wanataka nini kwako ambacho kwa mwingine hawakipati?"

Mume hakujibu. Pengine alikasirika. Lakini Oktoba 2017, matokeo ya darasa la saba yalipotangazwa, wazazi walifika kwenye kibanda kabla hajafungua. Walikuwa na simu za aina zote, nyingine zimefungwa kwa raba, na wote walikuwa na shida moja: mtoto ana namba ya mtahiniwa, lakini namba hiyo inatazamwa wapi? Ilibidi kufungua mkoa, halafu wilaya, halafu shule, kwenye kurasa ambazo siku hiyo nchi nzima ilikuwa ikizigombania. Wengine walikwama kwenye neno la kwanza.

Alifunga kibanda saa sita mchana na kuandika. Ukurasa ule haukuwa na picha hata moja, ili ufunguke kwenye simu dhaifu. Aliweka viungo vya Biharamulo na Ngara tu. Akaeleza, kama anavyomweleza mama yake, namna ya kuisoma namba, maana ya daraja A hadi E, na kwamba kufaulu ni jambo moja na kupangiwa shule ni jambo jingine, linalokuja baadaye kutoka TAMISEMI. Akaonya pia kwamba yeyote anayedai hela ili "amwingize" mtoto kidato cha kwanza ni tapeli. Kisha akatuma kiungo kwa walimu watano.

Siku mbili baadaye takwimu zilionyesha ukurasa umefunguliwa mara zaidi ya 6,000. Watu waliufungua kutoka Lusahunga, Nyakahura, na mbali zaidi, maana mtoto wa Nyantakara ana mjomba Kahama na shangazi Dar es Salaam, nao wanataka kujua. Zile dola zilizokuwa zikitambaa zikaanza kutembea. Ndizo zilizovuka 10 na kuileta ile bahasha.

Hapo ndipo familia ilipoingia. Shemeji, akiwa na nia njema kabisa, aliandika kwenye kundi la ukoo: kila mtu akifungua ukurasa wa shemeji yetu abofye na tangazo, tumsaidie alipe deni la dada. Ukoo ukatii. Wadogo walibofya wakienda shule na wakirudi. Mama mkwe, asiyejua kusoma, alishikiwa kidole na wajukuu akabofya, na jioni aliuliza kama ameshamaliza kazi yake ya leo. Kwa wiki mbili Baba Mapacha aliona fedha zinapanda, na ingawa alijua zinapandaje, hakumkataza mtu. Hilo ndilo kosa lake, na hajawahi kulikana.

Matangazo ya aina hii hufanya kazi kwa uaminifu wa mtu asiyeonekana. Mwenye bidhaa hulipa kwa mtu aliyebofya kwa sababu anaitaka bidhaa, na katika AdSense ya wakati ule mwenye tovuti alipata asilimia 68 ya malipo hayo, Google ikibaki na nyingine. Ukoo mzima ukibofya kwa huruma, aliyeibiwa ni mwenye duka la viatu mahali fulani ambaye hajui Nyantakara iko wapi. Mitambo huona vidole vile vile vinarudi kila siku kwenye ukurasa ule ule. Katazo limeandikwa waziwazi kwenye masharti ambayo kila mwenye akaunti hukubali kwa kuweka alama chini bila kusoma.

Akaunti ilifungwa ikiwa na dola 84. Hazikulipwa.

Alikaa na siri hiyo siku nne. Siku ya tano ilikuwa ya kikoba, na asubuhi mke akiwa anajifunga kanga ili aende kuwaambia wenzake kwamba zimebaki dola 16 tu, mume alisema. Waliowafahamu walitarajia kelele. Hazikuwepo. Mke alifungua kanga, akakaa kitandani, na baada ya muda akauliza swali moja: kama angemwambia siku ya barua kwamba bahasha haina hela, yeye angekosa nini? Mume alisema alitaka amwone ana furaha. Mke akajibu kwamba furaha ile alikuwa ameikopa kwenye kikoba, kwa riba.

Akaenda akasema ukweli mbele ya mweka hazina. Alitozwa faini, akaongezewa miezi mitatu. Usiku ule aliomba ufunguo wa kibanda, na tangu hapo daftari la mapato limekuwa mkononi mwake.

Kilicholipa deni hakikupita kwenye akaunti yoyote ya dola. Desemba, majina ya waliopangiwa kidato cha kwanza yalipotoka, wazazi hawakuishia kusoma ukurasa, walipanda baiskeli wakaja. "Wewe ndiye wa ile tovuti?" waliuliza, wakimtazama kijana aliyevaa ndala kana kwamba walitegemea mtu mnene zaidi. Walitaka waonyeshwe jina, na walitaka fomu za kujiunga zichapishwe, zile kurasa saba au nane zinazoorodhesha godoro, ndoo, reki na sare. Mke aliazima printa kwa mwalimu mmoja kwa makubaliano ya kugawana. Kurasa zilikwenda kwa shilingi 300 moja. Mwishoni mwa Januari daftari lilionyesha zaidi ya wazazi 70, baadhi wakiwa wametoka vijiji ambavyo kibanda hakikuwahi kupata mteja, wote kwa sababu ya ukurasa mmoja usio na picha. Marejesho ya mwisho yalipelekwa Machi 2018.

Mwezi huo huo zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za ada ya mwaka, na asiyesajiliwa aliwekewa faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mke alipiga hesabu kwa njia yake: milioni mbili na laki moja ni maandazi elfu ishirini na moja ya shilingi mia. Juni, TCRA ilipotaka wasiosajiliwa wasitishe kazi, hata JamiiForums, iliyokuwepo tangu 2006, ilisimama kwa muda. Baba Mapacha aliufunga ukurasa wake tarehe 14, siku moja kabla ya mwisho.

Wateja hawakupungua kama alivyoogopa. Alipigilia ubao wa plaiwudi nje ya kibanda, akawa anabandika matokeo na orodha zilizochapishwa, na wazazi walisimama hapo jioni wakisoma kwa kidole. Mwaka 2022 kanuni zilirekebishwa na sharti la leseni likaelekezwa hasa kwa wanaotoa habari na matukio. Baada ya kuuliza na kuuliza tena, akaufungua ukurasa upya kwa maelezo ya shule na fomu peke yake. Hauna tangazo hata moja. Chini kabisa umeandikwa kibanda kilipo, na saa za kufungua.

Printa sasa ni yao. Bahasha ya dola kumi ipo bado, ndani ya daftari la mke, inashikilia ukurasa wa mwezi. Na mama mkwe, kila akija kuwatembelea, hungoja binti yake atoke nje, kisha humnong'oneza mkwewe kama siku hizi imesharuhusiwa kubofya.