Safari ya Tuskegee, walikoota mabawa marubani weusi

UKIPITA Tuskegee kwa haraka, huenda usijue kwamba umepita mahali pa maana. Ni mji mdogo katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, wenye udongo mwekundu kama ule wa Kiambu, misonobari mirefu na barabara zisizo na pilkapilka. Lakini hapa ndipo Wamarekani weusi walipofunzwa kwa mara ya kwanza kurusha ndege za kivita za jeshi la nchi yao, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Nilikwenda huko mwezi wa Julai nikitokea Atlanta, pamoja na mpwa wangu. Kijana huyu ana umri wa miaka 21 na alikwenda jimbo la Georgia kusomea urubani. Tulishika barabara kuu nambari 85 asubuhi, safari ya saa mbili hivi. Tulipovuka mpaka wa Alabama, saa zetu zilirudi nyuma kwa saa moja, maana jimbo hilo hufuata majira yaliyo tofauti na ya Georgia.

"Mjomba, tumepewa saa moja ya bure," alisema mpwa wangu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza tangu tuondoke.

Nilijua kilichokuwa kikimsumbua. Mara mbili alikuwa amepimwa na walimu wake ili aruhusiwe kurusha ndege peke yake, na mara zote mbili aliambiwa kwamba hajawa tayari. Mamake, yaani dada yangu, aliuza kipande cha shamba ili amlipie karo. Yeye alikuwa hajaambiwa lolote. Kila alipopiga simu kutoka Nairobi aliambiwa kwamba mambo ni shwari.

Kiwanja cha Moton

Kiwanja cha ndege cha Moton kiko nje kidogo ya mji, na hata leo ndege ndogo hutua na kuruka hapo. Kando yake kuna mabanda mawili ya ndege ambayo yamefanywa makumbusho ya taifa. La kwanza lilifunguliwa kwa umma mwaka 2008. Hakuna kiingilio. Unaliacha gari mahali palipoinuka, kisha unateremka kwa miguu ukiuona uwanja wote ulivyotandazwa mbele yako.

Ndani ya banda la kwanza kuna ndege ya mafunzo aina ya Stearman, yenye mabawa ya juu na ya chini. Ukiitazama, utashangaa kwamba kitu chepesi hivyo kilikuwa mlango wa kuingilia vitani.

Kiwanja chenyewe kiliitwa kwa jina la Robert Moton, mkuu wa pili wa Chuo cha Tuskegee, kilichoanzishwa mwaka 1881 na Booker T. Washington. Fikra za chuo hiki zilifika hadi kwetu. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na kuipigia debe elimu ya kazi za mikono ya mtindo wa Tuskegee. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete, mahali ambapo leo pana Kenya School of Government.

Waliambiwa hawawezi

Ili kuelewa kilichofanyika hapa, sharti kwanza tukumbuke yaliyosemwa. Mwaka 1925, chuo cha kivita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba mtu mweusi hana akili wala ujasiri wa kutosha kuaminiwa na kazi nzito za vita. Ripoti hiyo ilitumiwa kwa miaka mingi kuwafungia milango vijana weusi waliotaka kuruka.

Mmoja aliyekataa kufungiwa ni Charles Alfred Anderson. Kwa kuwa hakupata mtu wa kumfunza, alinunua ndege yake mwenyewe kwa akiba na mikopo ya jamaa na marafiki. Kufikia mwaka 1932 alikuwa amepata leseni ya juu ya urubani. Baadaye alikuja kuwa mwalimu mkuu wa urubani hapa Tuskegee, na wanafunzi wakampa jina la "Chief".

Tarehe 29 Machi 1941, mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, alizuru Tuskegee na kuomba arushwe na Anderson. Walinzi wake hawakupenda hata kidogo, lakini mama huyo alipanda ndege na wakaruka. Picha yao wakiwa wameketi ndani ya ndege hiyo ilienea kote. Wengi husimulia kwamba ziara hiyo ndiyo iliyosababisha kuundwa kwa kikosi cha marubani weusi. Ukweli ni kwamba Kikosi cha 99 kilikuwa kimekwisha kuundwa siku chache kabla. Hata hivyo, ziara hiyo ilisaidia. Bi Roosevelt alikuwa mmoja wa wadhamini wa hazina ya Rosenwald, ambayo ilitoa mkopo wa kukijenga kiwanja cha Moton.

Kumi na watatu wakawa watano

Mafunzo ya kundi la kwanza yalianza Julai 1941. Walikuwa wanaume 13. Kwanza waliketi darasani wakajifunza hali ya hewa, kusoma ramani, jinsi injini inavyofanya kazi na ishara za simu za Morse. Kisha wakapelekwa kwenye Stearman. Mwalimu aliketi mbele, mwanafunzi nyuma, na upepo ukiwapiga wote wawili usoni. Mwalimu alisema kupitia mpira uliotoka mdomoni mwake hadi masikioni mwa mwanafunzi. Mwanafunzi hakuwa na mpira wake wa kujibia. Kazi yake ilikuwa kusikia na kutenda.

Mpwa wangu aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Afadhali hao," alisema. "Mimi hujibu sana, ndiyo maana nakosea."

Baada ya saa chache za kuruka na mwalimu, mwanafunzi alitakiwa kurusha ndege peke yake. Aliyeonekana kuchelewa alipimwa na mtahini, na aliyeshindwa aliondolewa. Waliopita walihamia uwanja mkubwa wa jeshi, kilomita chache kutoka hapo, ambako walimu walikuwa maafisa weupe. Huko walirusha ndege aina ya BT-13, kisha AT-6 iliyokuwa na nguvu zaidi, wakafunzwa kuruka kwa makundi, usiku na kwa kutegemea vipimo tu. Katika kila hatua mchujo uliendelea. Wakiwa katikati ya mafunzo, Wajapani walishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na Marekani ikaingia vitani. Kilichokuwa majaribio sasa kilikuwa safari ya kwenda kuua au kuuawa.

Tarehe 7 Machi 1942 walihitimu watano tu: Benjamin Davis, Lemuel Custis, Charles DeBow, George Roberts na Mac Ross.

Davis alikuwa amezoea mitihani ya aina nyingine. Alisoma katika chuo cha kijeshi cha West Point kuanzia mwaka 1932. Kwa miaka minne wenzake weupe hawakumsemesha ila kwa mambo ya kazi. Alikula peke yake na kulala chumbani peke yake. Mwaka 1936 alihitimu akiwa nambari 35 kati ya 276. Mtu aliyevumilia kimya cha miaka minne hangeshindwa na kelele za injini.

Adui mbele, adui nyuma

Kilichoniuma zaidi ni maisha yao nje ya ndege. Walivaa sare za taifa, lakini Alabama yote ilikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Kulikuwa na mikahawa ambayo mfungwa wa kivita Mjerumani angeweza kula, lakini rubani mweusi aliyejiandaa kupigana na Wajerumani asiruhusiwe kuingia. Katika wilaya iyo hiyo ya Macon, idara ya afya ya serikali hiyo hiyo ilianza mwaka 1932 kuwachunguza wanaume weusi 399 waliokuwa na kaswende bila ya kuwatibu. Uovu huo ulisimamishwa mwaka 1972, na Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Kwa mkono mmoja serikali iliwapa vijana hawa ndege, na kwa mkono wa pili iliwanyima wazee wao dawa.

Nilimkumbuka marehemu babu yangu, aliyepelekwa Burma na jeshi la KAR. Alikuwa akisema kwamba msituni risasi haikuuliza rangi, lakini aliporudi nyumbani aliulizwa kipande chake kabla hajafika mlangoni. Nadhani angeelewana na watu wa Tuskegee bila ya mkalimani.

Lakini tusidhani kwamba yote yalikuwa machungu. Kuna kisa cha Herbert Carter, rubani wa Kikosi cha 99, na mchumba wake Mildred Hemmons, msichana aliyekuwa mtumishi wa uwanjani na mwenye leseni yake mwenyewe ya urubani. Kwa kuwa muda wa kuonana ulikuwa haba, walikutana angani juu ya ziwa Martin. Yeye akiwa katika ndege ya jeshi na Mildred katika kidege chake, walipungiana mikono na kutumiana busu kwa mbali. Walioana mwaka 1942 na kuishi pamoja hadi uzeeni.

Mikia mekundu

Mwaka 1943 Kikosi cha 99 kilipelekwa Afrika ya Kaskazini. Haukupita muda kabla ya mkubwa mmoja kuandika kwamba hawafai na waondolewe. Davis alisafiri hadi Washington akajitetea mbele ya kamati, na vijana wake wakabaki vitani. Mwaka 1944, wakiwa na vikosi vingine vya Tuskegee huko Italia, walikuwa wakizisindikiza ndege kubwa za mabomu hadi Ujerumani. Mikia ya ndege zao ilipakwa rangi nyekundu, na hapo ndipo walipopata jina la "Red Tails".

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hawakupoteza hata ndege moja waliyoisindikiza. Wanahistoria wamechunguza na kugundua kwamba zipatazo 27 ziliangushwa. Idadi hiyo bado ni ndogo kuliko ya wastani wa vikosi vingine vilivyofanya kazi hiyo. Mimi naona sifa ya kweli inatosha, haihitaji kutiwa chumvi.

Marubani karibu 1,000 walihitimu Tuskegee kufikia mwaka 1946, na 355 kati yao walipigana ng'ambo. Wengi hawakurudi. Mwaka 1948 Rais Harry Truman aliamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini. Tarehe 29 Machi 2007, siku ile ile ya mwezi ambayo Bi Roosevelt aliruka na Anderson, marubani hao walitunukiwa nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani. Wengi walikuwa wazee wa mikongojo, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Wale wanane

Kabla ya kuondoka, mpwa wangu alimwendea mhifadhi wa makumbusho, mama mmoja wa makamo, akamwuliza swali ambalo sikulitarajia. "Wale wanane ambao hawakuhitimu, walikwenda wapi?"

Mama yule alimtazama kidogo. Alimweleza kwamba katika miaka ile, walioondolewa kwenye urubani walipewa kazi nyingine jeshini, na kwamba baadaye wengine walifunzwa kuonyesha njia angani au kulenga mabomu. Kisha akamwonyesha picha ukutani za mafundi wa injini na wanawake waliokunja parachuti. "Hakuna rubani aliyeruka hapa bila ya hawa," alisema.

Tulitoka nje. Ilikuwa saa nane mchana, na Nairobi saa nne za usiku. Mpwa wangu aliketi kivulini akatoa simu. Nilimsikia akisema, "Mama, kuna jambo sijakwambia." Nami nikasogea mbali, nikajifanya natazama kidege kilichokuwa kikitua.

Ndani ya gari aliniambia kwamba mamake alikasirika kwa kufichwa, wala si kwa kushindwa kwake. Baada ya kumkaripia alimwuliza kama amekula. Wamekubaliana apimwe mara ya tatu. Akikataliwa tena, atahamia masomo ya ufundi wa ndege, na karo iliyobaki itatosha. Ninapoandika haya siku hiyo haijafika. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na nafikiri ameanza kuyaamini maneno hayo.

Nawe msomaji, ukiwa na jamaa Atlanta na upate nafasi ya kumtembelea, usiishie madukani. Tenga siku moja uende Tuskegee. Ukiwa na mwanafunzi nyumbani, mchukue. Na asipokuuliza habari za watano waliohitimu, akakuuliza za wanane walioachwa, mjibu kwa upole.