Bastola Iliyopakwa Alizeti

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alikuwa amebana mfuko wa kaki kwapani, na kabla hatujaulizana habari za watoto akaufungua nusu, nikaona kitako cheusi. Ilikuwa bastola fupi, mpya, ya zile zinazoenea kiganjani. Nilimwambia afunge mfuko. Mke wangu alikuwa anafagia uwanja, wajukuu wanakunywa uji barazani, na mimi sijawahi kuruhusu silaha ifunuliwe mahali watoto wanapokula.

"Imekwama, mzee. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Nikataka kuifungua niisafishe, ile pini nayo imekataa kutoka."

"Ina risasi?"

"Nadhani haina."

Lile neno "nadhani" ndilo lililonifanya niingie ndani kuvaa viatu.

Namfahamu kijana huyu tangu akiwa anasukuma baiskeli ya maji. Sasa ana mashine ya kukamua alizeti hapa Iguguno, kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, ambako malori hupita usiku na mchana. Tangu Wilaya ya Mkalama imegwe kutoka Iramba mwaka 2012, nimeuona mji wetu ukichangamka kwa macho yangu: maduka, mashine, magunia ya alizeti na vitunguu yaliyopangwa mpaka kwenye mtaro. Msimu wa mavuno mtu kama yeye hulala na fedha za wakulima ndani. Alivamiwa mara moja. Baada ya hapo akaomba kibali cha silaha, akapita ngazi zote kuanzia kijijini kwenda juu, akapata. Simlaumu. Ila hakuna aliyekaa naye chini akamfundisha kitu alichokinunua, na hilo limenisumbua katika kazi yangu ya ufundi wa silaha kuliko kutu.

Nilimwambia hatuifungulii kwangu. Ufundi wa silaha ni kazi ya leseni, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezi na mtu anayeshika silaha ya mwenzake bila utaratibu. Wakati huo nilikuwa bado na mkataba wa kutunza silaha za kampuni ya ulinzi, lakini bastola hii haikuwa ya kampuni. Tukatembea mpaka kituo cha polisi, mfuko ukiwa mkononi mwangu, mdomo wa mtutu ukiangalia chini. Mkuu wa kituo alitupa chumba cha nyuma na meza moja. Nikaomba debe la mchanga.

Niseme kidogo nilikotoka, maana mikono iliyofungua ile bastola ilifundishwa mbali na Iguguno.

Mwaka 1978 nilikuwa kijana wa JKT. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na daraja la Kyaka likavunjwa, tulichukuliwa wengi. Mimi niliangukia kwa mafundi silaha kwa sababu moja tu: baba yangu alikuwa mhunzi wa majembe, na nilipoulizwa kama najua kushika tupa nikajibu najua. Nilikabidhiwa kwa sajini mmoja mfupi, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alitandika turubai chini, akafungua bunduki ya SMG kipande kimoja kimoja, akavipanga kushoto kwenda kulia kwa mfuatano vilivyotoka. Kisha akaniambia nivirudishe kuanzia kulia. Nilifanya hivyo mchana kutwa, halafu usiku bila taa.

Kutoka Mutukula kwenda mbele, ndani ya Uganda, ilikuwa matope. Kule Lukaya, Machi 1979, askari walituletea bunduki zimeshona udongo mpaka ndani ya chemba. SMG inavumilia. Imetengenezwa na nafasi ya kutosha katikati ya vipande vyake, uchafu unapata pa kupita. Bastola tulizoziteka hazikuwa na uvumilivu huo, na hapo ndipo nilipoanza kuzipenda, kwa kuwa zilinilazimisha kufikiri. Nakumbuka askari aliyelalamika kwamba bastola yake "imeharibika", risasi inaingia magazini lakini sleidi haifungi. Sajini alichukua risasi ile, akaisimamisha mezani karibu na nyingine. Zote mbili watu waliziita tisa. Moja ni ya Makarov, ganda lake urefu milimita 18 na kichwa kinene kidogo. Ya pili ni ya bastola kama Browning, ganda milimita 19. Bastola ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inapewa chakula kisicho chake.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia bastola imeharibika, naanza kwa kuomba nione risasi zake.

Jambo la pili lililonijenga lilitokea baada ya vita, kambini, mahali ambapo sitapataja. Mwenzangu, tuliyekula naye sahani moja, alitaka kusafisha bastola. Alivuta sleidi, risasi iliyokuwa chemba ikaruka nje. Akaiona, akaridhika. Kisha ndipo akachomoa magazini. Hakukumbuka kwamba sleidi iliporudi mbele ilibeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini ile ile na kuipeleka chemba. Ili bastola ya aina ile ifunguke ilibidi kifyatulio kivutwe kwanza. Alikivuta. Risasi ilipita pajani mwake. Aliishi, lakini hakutembea tena sawasawa, na nilipokwenda kumwona wodini aliniambia kwa mshangao wa kweli: "Lakini niliitoa. Niliiona ikitoka."

Tofauti kati ya mguu mzima na mguu ule ni mpangilio wa mambo mawili tu. Magazini kwanza, sleidi baadaye. Nimewafundisha walinzi wengi, wengine wakubwa kuliko mimi kwa umri, na kila darasa nimelianza na paja la rafiki yangu.

Sasa turudi mezani.

Nilielekeza mtutu kwenye debe la mchanga, nikachomoa magazini. Ilitoka kwa kusitasita, ikiwa na risasi nne. Sleidi ilikuwa imebaki wazi kiasi cha milimita tatu, haijafunga, na katika ule mwanya niliona rangi ya shaba. Nikamwita mkuu wa kituo aangalie, kisha nikamwita mwenye mali. Alipoiona ile risasi aliyodhani haipo, alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameipigapiga bastola ile kwa nyundo jana yake usiku, chumbani, watoto wake wakiwa wamelala upande wa pili wa ukuta.

Sikumgombeza. Macho yake yalikuwa yameshajigombeza yenyewe.

Nilivuta sleidi kwa kiganja, ikagoma. Watu wengi hapa hutafuta nguvu: koleo, ukingo wa meza, nyundo. Mimi huwa natafuta pua. Niliinusa, nikasikia harufu ninayoifahamu tangu utoto, harufu ya ghala la mbegu.

"Uliipaka nini?"

"Mafuta, mzee. Yetu ya alizeti. Safi kabisa, hayana maji."

Hakudanganya, mafuta yake ni mazuri na nyumbani kwangu tunayapikia. Lakini mafuta ya mbegu yakipakwa kwa utando mwembamba na kuachwa kwenye hewa hayabaki mafuta. Yanaganda polepole, yanakuwa kama utomvu. Mwanamke yeyote wa Singida analijua hili bila kufundishwa: tazama nje ya kikaango, ile rangi ya kahawia inayonata, isiyotoka kwa sabuni. Ndiyo iliyokuwa kwenye reli za bastola. Juu yake likaja vumbi. Na vumbi la kwetu, pamoja na upepo huu wa Singida usiopumzika kiangazi chote, linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Tena bastola mpya huja na grisi nzito ya kiwandani, ya kuizuia kutu safarini, ambayo inatakiwa kufutwa kabla ya kufyatua hata risasi moja. Hakuifuta. Kwa hiyo ndani mlikuwa na grisi, alizeti na vumbi, tabaka tatu.

Nilidondosha mafuta ya taa kwenye reli, matone machache kila upande, mtutu ukiwa bado kwenye mchanga, tukasubiri. Kungoja ni kazi pia. Mkuu wa kituo akaagiza chai. Baada ya dakika kama ishirini nilivuta tena, taratibu, bila kuitikisa, sleidi ikatoa mlio mdogo wa kunata na kurudi nyuma yote. Risasi ikaanguka mezani. Ubavu wa ganda lake ulikuwa umebonyea. Kijana alikuwa akibeba risasi zake mfukoni pamoja na funguo. Niliifungia sleidi nyuma, nikatazama ndani ya chemba, nikaingiza kidole kidogo, nikampa mkuu wa kituo naye aingize chake.

Ile pini ilikuwa na kisa chake. Bastola ya namna hii hufunguka kwa kuchomoa pini ya kizuizi cha sleidi, na pini hiyo haitoki mahali popote. Sleidi ina kikato kidogo cha nusu duara. Ni lazima sleidi irudishwe nyuma kidogo, kikato kikae sawasawa juu ya sikio la pini, ndipo isukumwe kutoka upande wa pili. Ikipishana kwa unene wa kucha, haitoki hata uipige na gogo. Kwenye bastola kubwa ni rahisi, springi ni ndefu na laini. Kwenye hizi fupi sleidi ni nyepesi na njia yake ya kurudi ni fupi, hivyo wahandisi wakaweka springi ngumu sana ili kuizuia. Ikiwa mpya ni ngumu zaidi. Mtu anavuta kwa mkono mmoja, mkono unatetemeka, kikato kinapita, anakata tamaa na kuchukua nyundo. Kichwa cha pini kilikuwa kimevimba kwa zile nyundo zake.

Nilimwambia mwenye bastola ashike yeye. Nilitaka mikono yake ndiyo ijue. Kidole gumba nyuma ya kitako, vidole vinne juu ya sleidi, akamue kama anayekamua kitambaa badala ya kuvuta. Mara tatu ikapita. Mara ya nne nikasema "hapo", nikagusa pini kwa kijiti cha shaba, nikabonyeza. Ikatoka. Nikasawazisha kile kichwa kilichovimba kwa tupa laini, misuguo michache tu, kwa sababu chuma kilichoondolewa hakirudi.

Tulitandika gazeti, tukapanga vipande kushoto kwenda kulia.

Wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya mkuu wa kituo na yeye mwenyewe akiwapo, tulikwenda kuifyatua uwanja wa shabaha. Nilikuwa nimeziwekea magazini zake mbili alama kwa rangi, 1 na 2, na kumwambia anunue risasi mpya zenye kipimo kilichoandikwa kwenye kibali chake, azibebe kwenye boksi lake. Fundi akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na bastola ikapona, hajui kilichoiponya. Basi tulianza na magazini namba 1.

Risasi ya tatu, ganda lilibanwa mlangoni, likasimama wima kama bomba la jiko. Nikamtazama mkono. Alikuwa ameishika kwa woga, kiwiko kimelegea, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani kwa kuwa kitako ni kifupi. Bastola hujiendesha kwa teke lake mwenyewe: sleidi inarudi nyuma kwa sababu kitako kimesimama. Kitako kikirudi pamoja nayo, nguvu inagawanyika, sleidi haifiki mwisho, ganda linakosa muda wa kutoka. Nilimkaza kifundo cha mkono, nikamkunjia kidole kile chini ya magazini, nikamwambia asogeze kifua mbele. Akafyatua ishirini mfululizo bila tatizo.

Magazini namba 2 ilikwama mara mbili katika risasi kumi, mkono ukiwa ule ule, risasi zile zile. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja, labda ilianguka sakafuni wakati wa zile nyundo, na risasi ilikuwa inapanda ikiwa imeinama. Nilimwambia mdomo wa magazini hatuunyooshi kwa koleo na kuuamini tena. Akakubali bila kubisha, akaiweka kando.

Jua lilikuwa linazama upande wa Sekenke tulipomaliza. Nilimwomba anikabidhi bastola. Hakunipa moja kwa moja. Alielekeza mtutu kwenye tuta la udongo, akachomoa magazini, akaitia mfukoni. Akavuta sleidi, risasi ikaruka. Akavuta mara ya pili, akaifungia nyuma, akainamisha kichwa kutazama, akaingiza kidole kidogo, akakizungusha.

"Tupu, mzee."

Nikaipokea, nikaingiza changu.

"Tupu."