Mbio za Ziwa Duluti

Mtahiniwa, nikiwa kidato cha nne nilikimbia kila asubuhi kwenye njia ya msituni inayozunguka Ziwa Duluti, ziwa la kreta pale Tengeru, chini ya Mlima Meru. Siku za mwanzo nilichomoka kama mshale. Kabla ya nusu ya njia pumzi zilinikatika, nikamaliza kwa kutembea. Mtihani wa majaribio niliuendea vivyo hivyo: insha moja ilinila saa nzima, maswali mawili nikayaacha. Nilifeli. Tangu hapo nikaanza mbio taratibu, nikitunza nguvu za mwishoni. Kwenye mtihani wa taifa niligawa muda kwanza, kisha nikaandika. Nilijibu yote. Nawe gawa muda wako mapema. Haraka haraka haina baraka.